Babu Yetu, Mtunza Njia ya Chuma

Katika magazeti ya namna hii twasoma mara nyingi habari za watu waliojenga. Huyu alijenga kanisa, yule alijenga shule, mwingine alianzisha hospitali mahali palipokuwa pori tupu. Ni haki yao kusifiwa, maana ajengaye huacha alama ambayo hata mtoto mdogo huiona. Lakini yuko mtu wa namna nyingine ambaye sifa zake hazisikiki sana, naye ni yule atunzaye kilichojengwa na wenziwe. Kazi yake ikienda vema, hakuna jambo linalotokea. Na pasipotokea jambo, watu hudhani hapakuwa na kazi. Leo twaomba nafasi tuandike habari za mtu wa namna hiyo. Ni babu yetu, baba wa baba zetu, aliyekuwa mhandisi wa reli kwa miaka 35, na katika miaka yote hiyo hakujenga daraja hata moja.

Sisi tunaoandika ni wajukuu wake saba. Wawili katika sisi ni walimu, nao ndio walioshika kalamu. Walakini maneno tumeyakusanya sote, kila mmoja akileta alilolikumbuka, naye bibi yetu akikaa kati yetu na kutusahihisha.

Babu alizaliwa mwaka 1950 katika nchi ya Ubena, si mbali na Makambako, penye vilima vya udongo mwekundu na upepo wa baridi. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma kwanza katika shule ya misheni, na wazee waliosoma pamoja naye walituambia ya kuwa tangu utoto alikuwa na tabia moja iliyowachosha walimu: hakupenda kujibu upesi. Akiulizwa swali alinyamaza, akatazama chini, akalipima, ndipo akajibu. Na alipokwisha kujibu hakubadili. Tabia hiyo hakuiacha mpaka uzeeni. Mtu aliyemwuliza kama mvua itanyesha jioni alipaswa kungoja kidogo.

Alipokwisha maliza masomo ya sekondari, reli ilikuwa inakuja. Vijana wa siku hizi huenda hawajui vizuri habari za reli ile, kwa hiyo yafaa tuzieleze kwa kifupi. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia utawala wao wenyewe, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikajikuta shaba yake yapita mikononi mwa watu wasioitakia mema. Rais Kaunda na Mwalimu Nyerere wakataka njia ya kwenda bahari ya Dar es Salaam. Wengine katika wataalamu wa mataifa ya Magharibi waliipima habari hiyo wakasema haina faida. Ndipo China ikakubali kuijenga kwa mkopo usio na riba. Mapatano yakatiwa sahihi mjini Beijing mwezi wa Septemba 1967, na kazi ikaanzishwa rasmi mwezi wa Oktoba 1970. Ni njia ya kilometa 1,860 toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Kilometa 975 zimo Tanzania, na 885 zimo Zambia. Watu waliiita Reli ya Uhuru.

Kujenga ni jambo moja, na kuendesha ni jambo jingine. Kwa sababu hiyo, mwaka 1972, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusoma kazi ya reli katika Chuo Kikuu cha Jiaotong ya Kaskazini. Babu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 22, wala hakuwa amewahi kuiona bahari. Alituambia ya kuwa kwanza walifundishwa lugha, maana asiyejua jina la kitu hawezi kukitengeneza. Akajifunza ya kuwa Wachina wakisema reli husema “njia ya chuma,” naye akalipenda neno hilo kuliko letu, akalitumia maisha yake yote. Alituambia pia habari za baridi, jinsi maji ya maziwa yalivyoganda hata watu wakatembea juu yake. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni hadithi ya kutuchekesha. Lakini yeye hakuisimulia kwa kuchekesha. Alitaka tujue ya kuwa maji ni kitu chenye nguvu kuliko yanavyoonekana: yakiganda hubeba watu, yakitiririka hubeba milima.

Alirudi mwaka 1975. Na hapa ndipo tulipo na neno letu. Mwezi wa Juni mwaka ule ule reli ilikuwa imekwisha fika Kapiri Mposhi. Na mwezi wa Julai 1976 ilikabidhiwa kwa nchi hizi mbili. Basi babu alipofika na elimu yake mpya, na mkono wake wenye hamu ya kujenga, aliikuta njia imekwisha lazwa, madaraja yamekwisha simama, na mahandaki yamekwisha toboa milima. Makumi ya maelfu ya Waafrika na Wachina walikuwa wamekwisha fanya kazi ile. Kule Gongo la Mboto, nje ya Dar es Salaam, yako makaburi ya Wachina waliokufa katika kazi hii. Babu alituambia ya kuwa kabla ya kupanda gari la moshi kwenda kazini mara ya kwanza alikwenda makaburini pale, akasimama. Hakusema alisali nini. Alisema tu, “Nilijua ya kuwa mimi sikuitwa kujenga. Niliitwa kuangalia kilichonunuliwa kwa watu hawa kisianguke.”

Alipewa kazi ya njia yenyewe, yaani si injini wala mabehewa, bali vyuma, mataruma, kokoto, matuta na mitaro. Sehemu aliyoijua kuliko zote ni ile ya kati ya Mlimba na Makambako. Ni kilometa zipatazo 157 tu, lakini humo njia hupanda toka bonde la Kilombero mpaka nchi ya juu, na watu wa reli husema hapo palikuwa pagumu kuliko mahali pote: mahandaki 18 na madaraja 46 katika kipande hicho kimoja. Mvua ikinyesha huko hainyeshi kwa haya. Mlima hunywa maji mpaka ushibe, na ukishiba huanza kutembea.

Sisi wajukuu tulizoea kumwuliza kama watoto wote wanavyouliza: “Babu, adui wa reli ni nani?” Tulidhani atasema ni tembo, au wezi wa vyuma, au mzigo mzito kupita kiasi. Naye hujibu, baada ya kunyamaza kwake, “Ni maji.” Kisha huchukua kijiti na kutuchorea chini. Gari zito, husema, halikanyagi ardhi. Hukanyaga chuma, chuma hukanyaga taruma la zege, taruma hukanyaga kokoto, na kokoto hugawanya uzito ule kidogo kidogo mpaka ufike kwenye udongo ukiwa mwepesi, udongo uweze kuustahimili. Lakini maji yakituama chini ya kokoto, udongo hulainika. Kila gurudumu likipita, taruma hushuka na kupanda kama pampu, na tope hunyonywa likaja juu, likajaa kati ya mawe. Hapo kokoto si kokoto tena, ni ugali. Njia hupinda, na siku moja gari huanguka. “Na watu,” husema, “watalaumu dereva.”

Alitufundisha pia habari za joto. Kipande cha chuma chenye urefu wa mita 12 na nusu, jua likikiongezea joto la nyuzi 30, hurefuka kwa milimita 4 hivi. Ni unene wa sarafu mbili. Lakini vipande vikiwa mia, na kila kimoja kikitafuta mahali pa kurefukia, na mafundi hawakuacha nafasi katika viungo, njia yote hujipinda kama nyoka. Aliposema hivyo alitutazama mmoja mmoja. “Hata watu ni hivyo,” alisema. “Msipoachiana nafasi kidogo katika viungo, siku ya joto mtapindana.” Maneno hayo tumeyatumia mara nyingi katika ndoa zetu.

Na tulipomwuliza kwa nini magari ya reli yake hayapiti katika Reli ya Kati ya zamani, alituonyesha vidole vyake vinne vilivyobanwa pamoja. Njia ya chuma ya kwake ina upana wa milimita 1,067 ili ilingane na njia za Zambia na nchi za kusini; ile ya Kati ina milimita 1,000. Tofauti ni upana wa vidole vinne. Kwa ajili ya vidole vinne hivyo, pale Kidatu zinapokutana njia hizo mbili, mzigo hauna budi kushushwa na kupakiwa upya. Alipenda mfano huo, maana aliona humo jinsi jambo dogo lililoamuliwa zamani na watu waliokwisha kufa linavyotokesha jasho la watu walio hai.

Basi kazi yake ilikuwa kutembea. Mhandisi wa njia aweza kupita juu ya kigari cha reli akaangalia huku na huku. Lakini babu alisema kigari hupita haraka kuliko jicho. Alitembea pamoja na genge, mguu kwa mguu, mvua ikiwa yanyesha, maana alisema mtaro ukiwa mkavu haukuambii kitu. Alibeba nyundo ndogo, akagonga viungo na kusikiliza. Parafujo iliyolegea ina sauti yake. Wenziwe wa genge walijua kutumia mtaimbo na sururu kuliko yeye, naye hakuona haya kuwauliza. Palipoziba aliingia mtaroni na koleo pamoja nao. Kwa desturi ya siku zile, bwana mhandisi kushika koleo lilikuwa jambo la kushangaza, na wengine walisema anajishusha. Yeye alijibu ya kuwa maji hayaangalii cheo cha aliyezibua.

Mwezi wa Oktoba 1979 askari wa Rhodesia walilipua daraja la reli la mto Chambeshi, huko Zambia, na shaba ikakwama. Habari hiyo iliandikwa katika magazeti ya dunia, na ilistahili kuandikwa. Lakini babu alituambia neno ambalo hatujalisahau: “Daraja moja lililovunjwa kwa baruti lilijulikana kote. Mamia yaliyoponyeshwa kwa koleo hayakujulikana na mtu.” Hakusema hivyo kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesoma kipimo.

Haifai tukimsifu mtu tufiche gharama ya sifa zake. Gharama ya kazi ya babu ililipwa nyumbani. Masika ya nchi yetu huanza mwezi wa Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na miezi hiyo yote babu hakuwapo. Bibi alizaa watoto watano, na wanne katika hao walizaliwa wakati wa mvua, baba yao akiwa njiani. Baba zetu walikua wakimjua babu kama mtu wa kiangazi. Bibi hufanya mzaha, husema ya kuwa yeye aliolewa na nusu ya mwaka.

Lakini jambo moja halikuwa mzaha. Mwaka wa mvua kubwa ya El Niño, ile iliyoanza mwishoni mwa 1997 na kuingia 1998, mama yake babu alifariki mwezi wa Februari. Wakati huo kilima kimoja juu ya njia kilikuwa kimeanza kupasuka, nyufa zikionekana juu kabisa kwenye miti. Babu alipelekewa habari ya msiba. Alinyamaza, kama ilivyokuwa desturi yake. Kisha akasema atakuja kilima kikitulia. Wakachimba mitaro ya juu kuyageuza maji, usiku na mchana, na magari yakapita polepole, moja moja, naye akisimama akiyatazama. Alifika nyumbani siku ya nne, mama yake amekwisha zikwa.

Wako jamaa waliomnunia kwa ajili hiyo mpaka walipokufa wao. Walisema, mtu huzaliwa na mama mmoja, na reli ina wahandisi wengi. Sisi tulipokuwa wakubwa tulithubutu kumwuliza kama walikosea. Hakujibu siku ile. Alijibu baada ya siku mbili, tukiwa tunapukuchua mahindi, hata tukawa tumesahau swali. Alisema, “Hawakukosea. Mama yangu alistahili mwanawe. Lakini ndani ya lile gari la abiria walikuwamo mama za watu wengine. Nilichagua, na niliyemwacha alikuwa wangu. Msiniambie ya kuwa nilifanya vema. Niambieni tu ya kuwa gari lilipita.” Hatukuwa na la kuongeza. Kila mwaka, mwezi wa Februari, alikwenda peke yake kulipalilia kaburi la mama yake, na hakuna aliyemfuata.

Alistaafu mwaka 2010, akiwa na miaka 60. Alirudi Ubena akajenga nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma, na jambo la kwanza, kabla ya msingi, lilikuwa mtaro. Jirani walicheka kumwona mzee akichimba mfereji kuzunguka nyumba isiyokuwapo.

Miaka ile ndiyo iliyokuwa ya huzuni kwa reli. Njia ilikusudiwa iweze kubeba mizigo tani milioni 2 kwa mwaka. Haikupata kufika huko. Na katika mwaka wa 2014/15 tani zilizobebwa hazikufika 100,000. Injini zilipungua, fedha za matengenezo zilipungua, malori yakajaa barabarani. Babu alizipokea habari hizo akiwa amekaa barazani. Watu wa kijijini, wengine kwa huruma na wengine kwa kejeli, walimwambia, “Mzee Injinia, umetupa miaka 35.” Hili ndilo swali tulilotaka kumwuliza sisi wenyewe, maana tulimpenda, nasi tuliogopa asije akafa akiamini hivyo.

Jibu lake tumeliandika jinsi alivyolisema, maana mmoja wetu aliliandika jioni ile ile. “Mwalimu aliyefundisha mtoto kusoma mwaka 1980,” alisema, “kama shule ile ikaja ikaanguka mwaka 2015, je, mtoto yule amesahau kusoma? Shaba iliyopita imepita. Mgonjwa aliyepanda gari akafika hospitali amefika. Mahindi yaliyokwenda kwenye njaa yameliwa. Kazi ya kutunza haiwekwi akiba. Ni kama kula. Ulichokula jana hakikushibishi leo, lakini ndicho kilichokufikisha leo.” Kisha akaongeza, “Huzuni yangu si ya miaka 35 iliyopita. Huzuni yangu ni mtaro ambao hakuna aliyeuzibua mwaka huu.”

Hata baada ya kustaafu hakuacha kazi yake, ila aliifanya mahali padogo. Shule ya msingi ya kijiji chetu imejengwa chini ya mteremko. Mwaka mmoja darasa la mwisho lilipata ufa toka dirishani mpaka chini, mkono waweza kuingia. Kamati ikaitwa, wazazi wakaanza kupanga mchango wa kulivunja darasa na kujenga jingine. Babu aliomba kabla hawajachanga wampe watu kumi na siku tatu. Hakugusa ukuta. Alikwenda juu ya shule, akapima kwa kamba na pima maji lake la zamani, akawaonyesha watu mahali pa kuchimba mtaro wa kukinga maji yasishuke kwenye msingi. Wengine walinung'unika, maana ufa uko huku na mzee anachimba kule. Mtaro ulipokwisha alisema, “Sasa ngojeni masika moja, ndipo muuzibe ufa.” Masika yakapita, ufa haukuongezeka hata unene wa uzi. Wakauziba kwa saruji kidogo. Darasa lile limesimama mpaka leo, na watoto wapatao hamsini husoma ndani yake. Fedha za mchango zilinunua madawati.

Methali yetu yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Babu aliipenda, lakini alisema imepungukiwa na neno moja. Alisema mtu asianze na kuziba ufa, bali aanze na kuuliza maji yanatoka wapi. Sisi tulio walimu tumeichukua kanuni hiyo darasani. Mtoto akichelewa kila siku, twaweza kumwadhibu kila siku, nao ni kuziba ufa. Au twaweza kupanda mteremko tukaangalia nyumbani kwao kuna nini. Mara nyingi tumekuta kule juu mgonjwa anayeuguzwa na mtoto, au kisima kilicho mbali. Tangu hapo fimbo zetu zimepata mapumziko.

Mwezi wa Septemba 2024 redio ilitangaza ya kuwa marais wa China, Tanzania na Zambia wamekutana Beijing, na mapatano ya kuifufua reli yametiwa sahihi mbele yao. Tulikuwa na babu siku ile. Alikuwa amekwisha dhoofika, na sauti yake ilikuwa ndogo. Sisi tulipiga makofi, tukamtazama tukitazamia machozi ya furaha. Alisikiliza habari mpaka mwisho. Alinyamaza. Kisha akauliza, “Je, wametaja mitaro?” Tukacheka sote, naye akacheka, na bibi akacheka mpaka akajifuta macho. Lakini yeye aliuliza kwa kweli. Alijua ya kuwa fedha za kununua kitu kipya hupatikana pamoja na ngoma na picha, na fedha za kukitunza hutafutwa baadaye, pasipo ngoma.

Alifariki mwaka 2025, katika kiangazi. Bibi alisema, “Afadhali amekufa wakati alipokuwa nyumbani siku zote.” Katika maziko walikuja wazee sita wa magenge ya njia, waliosafiri toka mbali, wengine kwa fimbo. Mchungaji alipowapa nafasi, mmoja alisimama akasema maneno machache sana. Alisema, “Bwana huyu alikuwa anakuja kwa miguu, mvua ikinyesha.” Akaketi. Hatujasikia hotuba ya mazishi iliyotufariji kuliko hiyo.

Hakuacha mali nyingi. Aliacha nyumba, shamba, pima maji, timazi, nyundo ndogo, makoleo mawili na madaftari 31. Tulipoyafungua madaftari tulidhani tutakuta habari za maisha yake, au za Beijing, au neno juu ya mama yake. Hamna. Yamejaa tarehe, namba za kilometa, na maneno mafupi: mtaro umezibuliwa, kalvati safi, kokoto imechafuka, irudiwe, nyufa juu ya mlima, kutazama kesho. Kurasa kwa kurasa ni hivyo. Tulipofika Februari 1998 tulisoma kwa mikono iliyotetemeka. Siku aliyoletewa habari ya msiba ameandika: “Kilima kimesogea. Mama.” Na siku ya pili yake: “Mitaro ya juu, watu 40. Gari la abiria limepita salama.”

Tumeyapeleka madaftari yale kwa vijana wanaofanya kazi ya njia sasa? Bado. Bibi amesema yakae kwanza nyumbani mwaka mmoja, kisha tufanye nakala, na yenyewe yapewe wale watakaoitengeneza reli, maana ndani yake mna habari ya kila mahali ambapo maji hupenda kupita. Na maji, kama alivyosema babu, hayasahau njia yake ya zamani. Tumekubali.

Wapenzi wasomaji, na hasa ninyi walimu wenzetu, tumeandika haya si kwa kuwa babu yetu alikuwa mtu mkuu. Wakuu wana waandishi wao. Tumeandika kwa kuwa katika kila kijiji yuko mtu wa namna yake: mama anayefagia kisima, mzee anayefunga paa la kanisa kabla ya upepo, mwalimu anayeshona vitabu vilivyochanika ili vifae mwaka mwingine. Hao hawatawekewa jiwe la msingi lenye majina yao. Basi tuwajue, tuwaambie asante wakiwa hai, na tuwafundishe watoto ya kuwa kutunza si kazi ya mtu aliyekosa kujenga. Ni kazi inayofanya kujenga kuwe na maana.

Mtaro wa juu ya shule waendelea kujaa majani na udongo kila mwaka, kama mitaro yote. Tumegawana: kila mwaka, Jumamosi ya pili ya mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, wajukuu wawili huuzibua pamoja na watoto wa darasa la saba, na zamu imeandikwa mpaka mwaka 2032. Makoleo ni yale mawili. Mungu ampumzishe babu yetu mahali pema, na atupe sisi masikio ya kuisikia parafujo inapolegea.